Karo la Kuoshea Mboga

Waliohusika ni watatu, na nitawataja kwa nafasi zao tu: wakala aliyekodishwa soko letu la mtaa, ambaye aliagiza karo la kuoshea mboga lizibwe ili pajengwe vibanda, mwenyekiti wa kamati ya soko, aliyeridhia bila kuuliza mboga zitaoshwa wapi, na ofisa aliyenirithi katika kazi ya afya, aliyepita pale, akaona, akanyamaza. Mama aliyefungiwa banda lake la chakula hayumo katika orodha hii. Naanza na jambo hilo kwa sababu hadi leo, ukiwauliza wakazi wa zamani wa upande wetu wa Nyakato ni nani aliyewalisha watu uchafu katika mvua zile, watakujibu bila kufikiri kwamba ni yule mama wa kachumbari. Si kweli. Nilikuwapo, na ninaandika nilichokiona.

Karo lenyewe halikuwa na sura ya kujivunia. Lilikuwa sakafu ya saruji yenye kuta fupi za kufika magotini, mabomba mawili, na mtaro wa kutolea maji machafu. Nilipokuwa bwana afya wa eneo lile, kanuni ilikuwa moja na kila muuzaji aliijua: mboga ya kuliwa mbichi isipande mezani kabla haijapita karoni. Nyanya, karoti, matango, kabichi, majani ya saladi, vyote vilishushwa kutoka kichwani kwa mchuuzi na kuingia kwenye maji yanayotiririka. Akina mama walinung'unika, hasa asubuhi za baridi, lakini walinung'unika huku wakiosha.

"Bwana Afya, hii kabichi imeoga kuliko mume wangu," mmoja aliniambia siku moja, akaninyooshea ile kabichi niinuse.

"Mlete na mume tumwoshe hapa hapa," mwenzake akadakia. "Ila yeye mtamlipia ushuru, maana ni mzigo!"

Waliocheka zaidi ni wao wenyewe. Mimi nilijifanya sikusikia, kama ilivyompasa mtumishi wa serikali aliye kazini.

Mgeni anaweza kudhani nilikuwa msumbufu. Anayeijua Mwanza hawezi kudhani hivyo. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Huko vilimani, mtu hachimbi choo kirefu, kwa sababu chini ya udongo kidogo anakutana na jabali. Shimo hujaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kupanda. Kwa hiyo mvua kubwa ikianza, mwenye nyumba huchukua sururu, akatoboa ukuta wa shimo upande wa chini, na mvua ikafanya kazi iliyobaki. Wenyewe huita kutapisha. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Jirani humsikia jirani akigonga huku mvua ikinguruma juu ya bati, naye husubiri zamu yake. Kinachotapishwa hushuka kwenye vijia vya maji, hupita katikati ya bustani za mboga bondeni, na hatimaye huingia kwenye mfereji unaopita nyuma ya soko kuelekea ziwani. Niliwahi kuwashitaki watu kwa kosa hilo. Walilipa faini, na mvua iliyofuata wakatapisha tena, kwa kuwa faini haichimbi choo. Ndiyo maana karo lilikuwa pale. Kama hukuweza kuwazuia wa juu, ulipaswa kuwalinda wa chini.

Kisha likaja soko huria. Tuliambiwa kwamba serikali imebeba mzigo mkubwa kuliko mabega yake, na baadhi yetu tulikuwa sehemu ya mzigo huo. Nilistaafishwa kabla ya wakati wangu, nikapewa mkono wa kwaheri na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Mke wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Tulimzika kwetu Majita, ng'ambo ya maji, karibu na mama yangu. Watoto walikuwa Dar es Salaam na maisha yao. Nilibaki katika nyumba ya vyumba viwili na redio iliyoongea peke yake. Nilijifunza kwamba ugali wa mtu mmoja haupikiki: ama unaungua kwa uchache wake, ama unaupika kwa mazoea ya familia, ukabaki ukikutazama hadi kesho.

Ndivyo nilivyoanza kula kwa yule mama.

Banda lake lilikuwa kando ya soko, mbele ya lango la kiwanda cha minofu ya samaki, limejengwa kwa mabati chakavu na miti, lina mabenchi mawili na meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya Busisi, upande wa Sengerema. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu machimboni Geita, na huko akapata mke badala ya dhahabu. Mama huyu alikuwa na binti wawili katika shule ya msingi, na chumba cha kupanga Igoma. Banda lile ndilo lililolipa chumba, sare, na sabuni. Sijui jambo jingine lolote lililokuwa limesimama kati yake na aibu ya kurudi kwa kaka zake mikono mitupu, na mwenyewe alilisema hivyo bila kificho.

"Mwangaluka, baba," alikuwa akinisalimu kwa Kisukuma kila asubuhi, akipiga goti kidogo, ijapokuwa alijua mimi ni Mjita.

"Mwangaluka, mama."

Na wafanyakazi wa kiwandani, wakiwa na mabuti yao meupe ya mpira, walikuwa wakipaza sauti mara waonapo kofia yangu. "Ficheni nzi! Bwana Afya amefika!"

"Leo unakagua au unakula, mzee?"

"Ninakula."

"Mama, mpe kichwa kikubwa basi, asije akakufungia banda tukafa njaa."

Kichwa walichokisema kilikuwa cha sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya; sisi tulibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, ambavyo mama alivikaanga hadi vikalia mdomoni. Pembeni ya ugali aliweka kachumbari. Watu wale walishinda siku nzima katika harufu ya samaki na ubaridi wa barafu, na walichokitaka kuliko chochote ni kitu kibichi, kikali na chenye ndimu cha kukata shombo. Walikula kachumbari kwa mikono mizima. Wengine waliomba waongezewe kabla hata ya kugusa ugali.

Ilikuwa kawaida yangu kutazama jikoni hata baada ya kustaafu, jicho halistaafu. Mama aliosha mboga zake mara mbili ndani ya beseni, kwa maji ya madumu aliyoyanunua kwa mwenye mkokoteni. Nilimwambia azimwagie maji ya moto kwanza. Alijaribu siku moja. Kabichi ikalegea, nyanya zikatoa maji, na mfanyakazi mmoja akaisukuma sahani.

"Mama, hii kachumbari imelala hapa tangu jana?"

"Nimeikata sasa hivi, mwanangu."

"Basi imeamka vibaya."

Benchi zima likaangua kicheko, na huo ukawa mwisho wa maji ya moto. Sikumlazimisha. Kwa mboga iliyokwisha kupita karoni, kuosha kwake kulitosha, na nilikuwa nimeona karo lile likifanya kazi kwa miaka yangu yote ya utumishi.

Wakala alipolikodi soko, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupima ardhi kwa hatua zake. Muda si mrefu nikakuta mafundi wanamwaga zege juu ya karo. Mabomba yalikuwa yamekatwa na kuzibwa. Nilisimama pale na mkoba wangu, mtu asiye na cheo, nikauliza nani aliyeamuru. Wakala akajitokeza nyuma ya lundo la kokoto, akiwa na kalamu sikioni.

"Mimi. Kuna tatizo, mzee?"

"Hapa ndipo mboga zinapooshwa."

"Zilipokuwa zinaoshwa. Sasa hapa pana vibanda vya mitumba. Hii ni biashara. Hilo karo lilikuwa linaingiza nini?"

"Lilikuwa linaingiza afya."

Alicheka, tena bila ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto. "Afya haina risiti, mzee wangu."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akasema mkataba umesainiwa. Nikaenda kwa ofisa aliyekalia kiti changu. Aliinuka, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akanipa kiti, akasema atalifuatilia. Niliondoka nikiwa nimeitikia marahaba na sikuwa nimepata kitu kingine. Baadaye nilimwona kwa macho yangu akipita mbele ya vile vibanda vipya, akitazama mahali karo lilipokuwa, kisha akatazama saa yake.

Akina mama wa mboga walivumilia kwa muda wakinunua maji ya madumu. Maji yakapanda bei, na mboga iliyokauka haina mnunuzi. Mchuuzi wa Mwanza anajua kwamba fungu la saladi lililonyauka huuzwa kwa kuku. Lazima mboga ing'ae matone ya maji, na mfereji ulikuwa pale nyuma, unapita bure.

Mvua zilianza. Baada ya muda watu wakaanza kuumwa matumbo: kuhara damu, kujikunja, kuishiwa nguvu. Walioumwa wengi walionekana kuwa wafanyakazi wa kiwandani, kwa sababu mfanyakazi akikosa zamu anahesabiwa, na anayeumwa nyumbani kwake hahesabiwi na mtu. Kiwanda kilikuwa kikitarajia wageni, wanunuzi kutoka ng'ambo, waliotaka kuhakikisha kwamba samaki wao wanaguswa na mikono misafi. Ndani ya ukuta ule, kila meza ilioshwa kwa klorini na kila kiatu kilipita kwenye maji ya dawa. Nje ya ukuta, yule yule aliyekata minofu kwa glavu alitoka kula mboga iliyotoka mferejini. Sikuona mtu yeyote aliyefikiri kwamba mambo hayo mawili yalihusiana.

Lililohitajika lilikuwa jibu la haraka, na jibu lilikuwa mbele ya lango, lina mabenchi mawili. Ofisa na watu wa kamati walikuja wakapigilia mbao mbili mlangoni kwa msalaba, wakachukua beseni, sufuria na mwiko. Wakabandika tangazo kwamba banda hilo ni chanzo cha ugonjwa na kwamba kamati ya soko itakaa kuamua kama mwenye banda ataruhusiwa kurejea au ataondolewa moja kwa moja. Yule aliyeandika hakuwa amepima chochote. Najua, kwa sababu nilimwuliza ofisa alichukua sampuli gani, akanijibu, "Mzee, wote walikula kwake."

"Na ambao hawakula kwake?"

"Hao hawajaja kwetu."

Watu waliokuwa wakimwita mama tangu alfajiri sasa walivuka barabara kumkwepa. Kijana mmoja, yule yule wa kachumbari iliyoamka vibaya, alipita akiwa amejifunika pua, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Minyoo." Lile jina likatangulia kufika shuleni kabla ya jioni. Binti yake mdogo alirudi akiwa ameng'oa lebo ya jina kwenye daftari lake, kana kwamba hilo lingesaidia.

Niliamua kulifanya jambo hili kwa utaratibu niliofundishwa. Uchunguzi wa chakula huanza kwa mlaji na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye chanzo. Ukiruka hatua umekisia tu. Nilimwomba mama nusu ya kabichi iliyobaki chumbani kwake. Nilinunua mafungu ya saladi na karoti katika meza za soko. Asubuhi moja nikasimama upande wa pili wa mfereji, mahali ninapoonekana, wala sikujificha, na nikawatazama akina mama wakishuka mmoja mmoja. Walichovya mafungu, wakayakung'uta, wakayapanga upya kwenye ungo. Mmoja wao aliniona akasita.

"Bwana Afya, usitutazame hivyo. Bomba letu mmelizika wenyewe."

"Si mimi niliyelizika."

"Kwetu sisi ninyi wa ofisini ni wamoja."

Nikachota maji ya mfereji katika chupa, mbele yake.

Mtaalamu mmoja wa maabara, niliyefanya naye kazi zamani, aliniruhusu kukalia darubini yake wakati wenzake wamekwenda kula. Alinitayarishia vioo, akanikalisha, akatoka ili nisione haya machozi ya uzee yakinitoka kwa kukaza jicho. Sikuwa nimekaa mbele ya darubini tangu nistaafishwe. Lakini yai la minyoo halisahauliki: la kahawia, la mviringo, lenye ganda la mawimbi kana kwamba limefinyangwa na mtu mwenye subira. Lilikuwamo kwenye kabichi ya mama. Lilikuwamo kwenye saladi ya sokoni ambayo mama hakuwahi kuigusa. Na katika maji ya mfereji yalikuwa mengi, yamelala pamoja na vifuko vya amiba, wadudu wale wanaoleta kuhara damu. Maji ya kuosha mara mbili kwenye beseni hayang'oi mayai hayo, kwa kuwa ganda la yai lina gundi. Yaling'olewa zamani na maji yanayotiririka, kwa nguvu na kwa wingi, mahali ambapo sasa paliuzwa suruali za mitumba.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuzungukia nyumba kadhaa upande wa juu wa barabara, kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga banda lile. Katika nyumba ya mwalimu mmoja, watu wote walikuwa wameugua isipokuwa bibi mzee asiye na meno, ambaye hakuweza kutafuna saladi. Walinunua mboga zao pale pale sokoni.

Nilikwenda Igoma kumweleza mama kabla ya kikao, kwa kuwa ilikuwa haki yake kuwa wa kwanza kusikia. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage ya jioni. Nilimweleza yote niliyoyaona. Aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo, baba, ni mimi niliyewapa?"

"Vilipita kwenye sahani yako, mama. Havikutoka kwako."

"Vilipita mkononi mwangu."

"Vilipita."

Alitazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akauliza swali moja tu. "Utawaambia hivyo hivyo? Kwamba havikutoka kwangu?"

Nikamwambia nitawaambia, na kwamba nitasema kweli yote. Nilirudi Nyakato kwa miguu nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu mke wangu afariki, furaha ya mtu mwenye kazi.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya soko, ukuta mmoja ukiwa ndiyo mgongo wa vile vibanda vipya. Palikuwa na kamati, wakala, ofisa wa afya, mtu wa kiwandani mwenye haraka, na watu wa kutosha kujaza mlango. Mama alikaa nyuma na kanga yake ameivuta hadi kidevuni. Mwenyekiti akaniita. Nilisimama, nikaeleza mimi ni nani, nikaeleza njia niliyoifuata, kisha nikaanza mahali uchunguzi unapoanzia.

"Katika kabichi iliyotoka kwa mama huyu," nilisema, "nilikuta mayai ya minyoo."

Ukumbi ukavuma.

"Rudia, mzee," mwenyekiti akasema. "Ulikuta?"

"Nilikuta. Sasa nitaeleza hatua ya pili, ambayo ni mboga za—"

"Inatosha, mzee wetu. Tunakushukuru sana kwa uaminifu wako."

"Sijamaliza, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Bwana Afya mwenyewe amesema!" wakala akaruka, akiwageukia watu. "Ni mteja wake, alikuwa anakula pale kila siku, na amesema! Tunataka shahidi gani tena?"

Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi. Katika maisha yangu yote ya utumishi sijawahi kupigiwa makofi mengi namna ile. Nilipaza sauti nikasema mfereji, nikasema karo, nikasema nyumba ya mwalimu. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kutangaza agenda ya ushuru, mtu wa kiwandani alikuwa anatafuta njia ya kutokea, na katibu alikuwa amefunga kalamu yake. Nusu ya pili ya ushahidi wangu niliitoa yote, kwa ukamilifu na kwa mpangilio wake, mbele ya migongo. Ofisa wa afya peke yake alinitazama usoni. Alisikia kila neno. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kusoma karatasi iliyokuwa mbele yake.

Nilipogeuka kumtafuta mama, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Nimeulizwa na watu wachache waliopata kunisikiliza kwa nini sikuanza na mfereji. Jibu langu ni lile lile. Utaratibu hauanzi na mfereji. Utaratibu ulikuwa sahihi, na ungebaki sahihi siku ile kama aliyekuwa na wajibu wa kuusikiliza angeuacha ufike mwisho. Mtu akikatiza sala katikati, halaumiwi aliyekuwa akisali.

Banda lilivunjwa. Nilipata habari kwamba mama anahama nikaenda hadi Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Nilimkuta kwenye foleni na binti zake, godoro limefungwa kamba, sufuria moja aliyorudishiwa ikiwa juu ya godoro. Niliwasalimu. Mabinti waliniamkia. Yeye hakupiga goti, na hakusema mwangaluka.

"Mama, hawakuniacha nimalize."

"Nilisikia mpaka nilipotoka, baba."

"Ungebaki ungesikia yote. Nilisema yote."

"Uliwaambia akina nani?"

Nikaanza kumweleza: mboga za sokoni, mfereji, nyumba ya mwalimu. Injini ya kivuko ilikuwa imewashwa na ilinibidi niinue sauti kama nilivyoinua kikaoni. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo akinisikiliza habari za maji ya moto.

"Mimi ulishaniambia Igoma," alisema. "Mimi nilijua. Niliokuwa nataka wajue ni wale."

Watu walianza kupanda. Binti mkubwa akajitwisha sufuria, mdogo akashika ncha ya godoro. Nilitaka kusaidia, nikakosa pa kushika. Kivuko kikaondoka na kuwaacha bata-maji wakielea mahali kilipokuwa, nami nikabaki ng'ambo hii pamoja na wauza mahindi ya kuchoma, ambao hawakunijua na kwa hiyo walinisemesha vizuri.

Nyakato haikunisemesha vizuri. Kulikuwa na mabanda mengine ya chakula, nikajaribu moja baada ya jingine. Nikikaribia, mwenye banda alifunika sufuria. "Huyu ndiye aliyemsema mwenzetu," nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya mtu asiyejali kusikika. Hakuna aliyetangaza tena kwamba Bwana Afya amefika. Wale wa mabuti meupe waliniheshimu zaidi kuliko zamani, yaani waliacha kunitania. Mtu aliyetaniwa na benchi zima kila mchana anajua thamani ya kitu hicho pale tu anapoitikiwa kwa "ndiyo, mzee" na "hapana, mzee" tu. Nikarudi kwenye ugali wangu wa mtu mmoja. Redio ikaendelea kuongea. Siku za Jumapili baada ya ibada niliwahi kukaa nje ya kanisa hadi mlinzi alipofunga geti, si kwa uchaji, bali kwa sababu pale watu walipita karibu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, watu walitapisha vyoo, akina mama walichovya mboga, na matumbo yakauma tena. Mara hii mama hakuwapo. Alikuwa Sengerema akilima shamba la kaka yake. Palepale lilipokuwa banda lake aliwekwa muuza soda. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwuliza, kwa adabu, ni sahani ya nani sasa iliyowaumiza watu. Akaniambia nisichokoze yaliyokwisha.

Hayajakwisha. Vibanda vya mitumba bado viko juu ya karo, na kamati bado inahesabika kuwa ilitenda haki. Mama yule bado anaitwa jina lile katika vinywa vya watu ambao hawajui hata sura yake.

Kwa hiyo, kwa nafasi yangu ya bwana afya mstaafu wa eneo hilo, na nikiwa mtu pekee aliyepima alichokisema, nadai rasmi yafuatayo kutoka kwa ofisi yoyote iliyorithi dhamana ya soko lile. Nadai kwamba aliyeruhusu karo kuzibwa aeleze hadharani kwa idhini gani na baada ya uchunguzi gani. Nadai kwamba ofisa aliyesikia ushahidi wote akaunyamazia aulizwe kwa nini alinyamaza, na jibu lake lisomwe mbele ya wachuuzi na wafanyakazi wa mtaa ule. Na nadai kwamba kikao kile kifunguliwe upya, niitwe nisimame nilipokatizwa, niruhusiwe kuanzia hatua ya pili hadi ya mwisho bila kuzuiwa, na kwamba mama huyo atumiwe mwaliko na nauli ya kuvuka kuja kukaa benchi la mbele na kusikia, kutoka kinywani mwa kamati yenyewe, kwamba uchafu ule haukutoka kwake.